Mshale wa Oili Unaposhuka: Presha Ndogo katika Injini za Dizeli za Baharini

Tarehe 23 Machi 2019, meli ya watalii Viking Sky ilikuwa ikikatiza Hustadvika, kipande cha bahari chenye sifa mbaya katika pwani ya magharibi ya Norway. Ilitoka Tromsø kuelekea Stavanger, ikiwa na watu 1,373. Dhoruba ilikuwa kali. Mchana huo jenereta zake za dizeli zilizima moja baada ya nyingine, na muda mfupi kabla ya saa nane meli nzima ikakosa umeme na mwendo. Nahodha akatangaza hatari. Nanga zilitupwa, hazikushika, na meli ikawa inasukumwa kuelekea miambani. Ilipita zaidi ya nusu saa kabla mafundi hawajaweza kuirudishia nguvu ya kutosha kujivuta mbali na nchi kavu. Helikopta zilinyanyua watu 479 kutoka sitahani. Kesho yake meli iliingia Molde kwa injini zake yenyewe.

Siku chache baadaye mamlaka ya bahari ya Norway ilieleza chanzo: presha ya oili ilishuka. Oili katika matangi ya chini ya injini ilikuwa ndani ya mipaka iliyowekwa, ila karibu na kiwango cha chini kabisa, na kengele za kiwango zilikuwa bado hazijalia. Mawimbi yakaivuruga oili ndani ya matangi hadi midomo ya kuvutia ikabaki hewani. Pampu zikakosa cha kusukuma, presha ikaporomoka, na mfumo wa ulinzi ukafanya kazi uliyowekewa: kuzima injini zisije zikajiua. Uchunguzi kamili uliofuata uliongeza mengine. Oili ilikuwa chini sana ya kiwango ambacho mtengenezaji wa injini alikipendekeza. Jenereta mojawapo kati ya nne ilikuwa mbovu tangu kabla ya dhoruba. Na muundo wa matangi yenyewe haukukidhi matakwa ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unaotaka mitambo ya lazima iendelee kufanya kazi meli ikiwa imelala upande kwa nyuzi 15, ikiyumba kwa nyuzi 22.5, na ikiinua au kuzamisha omo kwa nyuzi 7.5.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaumbua desturi iliyoenea katika gereji za pwani na maziwa yetu. Presha ikishuka, mkono wa kwanza wa fundi unakwenda kwenye pampu, na wa pili unakwenda kwenye dumu la oili nzito. Katika Viking Sky, ugonjwa haukuwa katika pampu wala katika uzito wa oili. Fundi ambaye angeanza kwa kufungua na kubadilisha vipuri angemaliza siku akiwa na rundo la vyuma vizima na injini ile ile.

Kosa linaanzia katika kudhani kwamba pampu ndiyo inayotengeneza presha. Pampu ya meno inasukuma ujazo. Kila inapozunguka mara moja inapitisha kiasi kile kile cha oili, iwe inakutana na kizuizi au haikutani nacho. Presha inazaliwa pale oili hiyo inapolazimika kupenya kwenye nafasi finyu: kati ya krenkishafti na metali zake, kwenye beringi za kemushafti, kwenye bushi za roka, kwenye turbo. Zikiwa finyu, oili inabanwa na mshale unapanda. Zikiachia, oili inatoka kirahisi na mshale unashuka, hata kama pampu imetoka dukani jana. Na utokaji huo hauongezeki kidogo kidogo. Nafasi ya beringi ikiongezeka mara mbili, oili inayovuja humo huongezeka takribani mara nane. Ndiyo maana injini inaweza kwenda miaka mingi ikiwa na presha ile ile, kisha ndani ya msimu mmoja ikalegea.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Presha ya baa tatu au nne tunayoiona kwenye geji siyo inayobeba krenkishafti. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower, akichunguza beringi za ekseli za treni, alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Ekseli ilipozunguka, oili ikatoka nje kwa tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikatupwa nje. Alipofunga geji, mshale ulipita paundi 200 kwa inchi ya mraba, wakati mzigo wa wastani juu ya beringi ulikuwa paundi 100 tu. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: shafti inayozunguka huikokota oili ndani ya pembe nyembamba na kujijengea yenyewe utando wenye presha kubwa mno. Kazi ya pampu, basi, ni kuhakikisha oili ipo pale ya kukokotwa, na kubeba joto kwenda nje. Mshale ukishuka, habari unayoleta ni kwamba huenda oili haifiki kwa wingi unaohitajika. Lini haifiki na kwa nini, hilo ni la kuulizwa.

Swali la kwanza, baada ya injini kuzimwa, ni hili: presha ilishuka lini na kwa namna gani? Jibu lake linaokoa saa nyingi za kazi.

Kama ilikuwa nzuri injini ikiwa baridi, ikashuka kadiri joto lilivyopanda, na inakuwa mbaya zaidi injini ikinguruma taratibu bila mzigo lakini inarudi ukikanyaga mafuta, basi mtuhumiwa ni nafasi za beringi zilizokwisha kulika, au oili iliyokuwa nyepesi kupita kiasi. Sababu ni rahisi. Kwenye mzunguko mdogo pampu inasukuma kidogo na haina akiba, hivyo kila uvujaji wa ziada unaonekana. Kwenye mzunguko mkubwa pampu inasukuma kuliko mahitaji, na ziada inatupwa na valvu ya kupunguza presha, kwa hiyo ulegevu unafichika.

Kama kinyume chake kinatokea, presha nzuri taratibu, kisha ukiongeza mwendo mshale unaanza kutetemeka na kushuka, geukia upande wa kuvuta. Chujio la waya ndani ya sampu limejaa uchafu, bomba la kuvutia limepata ufa au gaskiti yake imelika, au kiwango cha oili ni cha chini. Pampu inataka zaidi ya inachoweza kupata na inameza hewa. Ufa wa upande huu hauvujishi tone la oili nje, unaingiza hewa ndani, na ndiyo maana mtu anaweza kukagua injini nzima kwa kurunzi asione kitu.

Kama presha iliporomoka ghafla na inabaki chini katika mwendo wowote, hata injini ikiwa baridi, anza na valvu ya kupunguza presha. Chembe ya uchafu iliyokaa kwenye kiti chake, au springi iliyokatika, inaiacha wazi na oili inarudi kwenye sampu bila kufika popote. Ni kipuri kidogo na kwenye injini nyingi kinafikika kutoka nje. Nashangaa kila mara ni watu wangapi wanaoshusha injini kabla ya kukifungua.

Meli kubwa zina jaribio zuri zaidi ambalo boti ndogo haina. Pampu kuu ikiwa inaendeshwa na injini yenyewe, kuna pampu ya akiba ya umeme inayoingia presha ikishuka. Kama pampu ya akiba inarudisha presha mahali pake, pampu kuu au kiungo chake ina kesi ya kujibu. Kama zote mbili zinashindwa, kubadilisha pampu ni kupoteza fedha, maana tatizo ni la zote mbili: tangi, valvu, bomba lililopasuka ndani ya injini, au beringi.

Lakini kabla ya yote hayo, je, geji yenyewe inasema kweli? Chumvi ya bahari hula waya na viungio, na sensa za umeme huharibika mara nyingi kuliko pampu. Dawa yake ni kufunga geji ya kawaida ya bomba, isiyotegemea umeme, mahali pa sensa, kisha kulinganisha. Hapa nina neno kali. Kuna watu, taa nyekundu ikiwaka, husema "hiyo ni sensa tu" na kuendelea na safari. Huenda ni kweli. Ila utaratibu ni kuzima kwanza, kupima kiwango kwa kijiti, kisha kuishuku sensa injini ikiwa imelala. Anayeishuku injini ikiwa inakimbia anacheza kamari na krenkishafti. Tena boti nyingi ndogo hazina geji, zina taa peke yake, na swichi ya taa hiyo kwa kawaida huwaka presha ikiwa chini ya baa moja. Injini ambayo desturi yake ni baa nne imekwisha kupoteza zaidi ya robo tatu ya presha yake kabla taa haijasema lolote.

Sasa oili yenyewe, ambayo naona ndiyo kiini cha visa vingi vya huku kwetu. Oili ya SAE 40 ikiwa na joto la nyuzi 100 ina unato wa kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Ikiwa nyuzi 40 unato huo ni kama mara kumi zaidi. Maana yake joto ni adui wa presha kuliko tunavyofikiri. Maji ya bahari katika pwani ya Afrika Mashariki hufika nyuzi 28 hadi 30 wakati wa kaskazi, kwa hiyo kipoza oili kinaanza kazi kikiwa na mkono mmoja umefungwa. Chujio la maji ya bahari likijaa mwani au mifuko ya plastiki, au mirija ya kipoza ikijaa chokaa, joto la oili linapanda na mshale unashuka, wakati pampu na beringi ni nzima kabisa. Andika presha pamoja na joto, daima. Presha bila joto lake ni nusu ya habari.

Baya zaidi ni dizeli kuingia katika oili. Nozeli inayovuja, bomba la presha kubwa lililopata ufa chini ya kifuniko cha valvu, au ngozi ya pampu ya kuvutia dizeli iliyochanika, zote zinaingiza dizeli kwenye sampu polepole. Asilimia chache tu zinatosha kuishusha SAE 40 hadi unato wa SAE 30. Dalili yake inawadanganya wengi, kwa sababu kiwango kwenye kijiti kinapanda. Mwenye boti anafurahi kwamba injini yake haili oili. Injini ya dizeli inayofanya kazi kutwa na kiwango cha oili kikaongezeka ni injini mgonjwa, bila mjadala. Inusie kijiti, na weka tone kwenye karatasi ya kunyonya: dizeli hujitenga na kutandaa ikifanya duara jepesi kuzunguka doa jeusi. Kwa maji, dondosha tone juu ya bati la moto. Likitatarika, yamo. Maji mengi huipa oili rangi ya chai ya maziwa, lakini ukisubiri rangi hiyo umechelewa. Katika meli zinazochoma mafuta mazito mambo hugeuka: mafuta hayo yakivujia kwenye oili huifanya kuwa nzito badala ya nyepesi, na presha inaweza hata kupanda huku ulainishaji ukiharibika.

Ongeza na oili ya kughushi, inayouzwa kwenye madumu yenye nembo zinazoheshimika. Hiyo huwa na unato wa kuridhisha siku ya kwanza na kuvunjika baada ya saa chache za joto. Kama presha ilianza kushuka mara tu baada ya kubadilisha oili, usitafute mbali. Vilevile kama ilianza baada ya kubadilisha filta: mara kwa mara gaskiti ya filta ya zamani hubaki imeng'ang'ania injini na mpya ikafungwa juu yake.

Kuhusu filta, nitasema kidogo. Iliyoziba mara nyingi haishushi presha sana, kwa kuwa ina valvu ya kupitishia pembeni. Oili chafu inakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Faida kubwa ya filta ni ushahidi wake. Ikate, itandaze, itazame juani. Chembe zinazonaswa na sumaku ni za chuma: meno, kemu, ringi. Vumbi la fedha lisilonaswa na sumaku, au la rangi ya shaba, ni metali za beringi zinazojimenya. Ukiliona hilo, mazungumzo ya valvu na sensa yamekwisha. Injini inahitaji kufunguliwa.

Na hapo ndipo dumu la oili nzito linapotolewa. Mimina SAE 50 mahali pa SAE 40 na mshale utapanda, kweli. Umepanda kwa sababu oili inapita kwa shida. Beringi iliyokuwa na kiu sasa inapata oili kidogo zaidi kwa dakika, na kwa kuwa oili ndiyo inayobeba joto lake, inapata moto zaidi. Kwa injini iliyochoka, inayohitaji kufika bandarini tu, mtu anaweza kuufanya uamuzi huo akijua anachofanya. Kuufanya kuwa tiba, kisha kumuuzia mwingine boti mshale ukiwa umesimama vizuri, ni ulaghai.

Kuna swali ambalo vitabu vya ufundi hulikimbia: injini izimwe hata kama meli iko karibu na miamba? Meli nyingi zina kitufe cha kuzuia mfumo wa ulinzi usizime injini kuu, na sababu yake ni ya haki. Metali zinanunuliwa, abiria hawanunuliwi. Nahodha aliye kwenye mlango mwembamba wa bandari ana haki ya kuitoa injini kafara ili meli isipande mwamba. Ninachokataa ni kitufe hicho kutumiwa kwa sababu kengele inakera, au waya wa swichi kukatwa na kusahaulika. Uamuzi ni wa nahodha, akishauriwa na injinia mkuu, kwa dakika anazozihesabu.

Injini ikizimika kwa presha ndogo, usikimbilie kufungua milango ya sampu. Beringi iliyokosa oili huwa ya moto kiasi cha kugeuza oili kuwa mvuke mwembamba, na mvuke huo ukikutana na hewa mpya ya mlango uliofunguliwa unaweza kulipuka. Subiri angalau nusu saa. Mnamo Septemba 1947 meli Reina del Pacifico, ikiwa katika safari ya majaribio baada ya matengenezo huko Belfast, ilipata mlipuko wa namna hiyo, ulioanzia kwenye pistoni iliyopata moto kupita kiasi, na watu 28 wakafa. Valvu za kutolea mlipuko tunazoziona leo ubavuni mwa injini kubwa zilipata nguvu kutokana na misiba kama huo.

Mwisho nirudi kwenye vyombo vyetu. Boti nyingi za uvuvi na za mizigo, kutoka Lamu hadi Mtwara na katika Ziwa Victoria na Tanganyika, zinatumia injini zilizobuniwa kwa malori. Lori hukaa sawa. Boti huilaza injini kufuata mwelekeo wa shafti ya rafadha, oili ikakusanyika nyuma, na kijiti kikasoma uongo kwa sababu alama zake zilipigwa kwa injini iliyokaa wima. Mdomo wa kuvutia ukiwa mbele, unabaki juu juu, na wimbi la kwanza la kusi linaumaliza. Hiyo ni Viking Sky ndogo, bila helikopta. Mwenye boti ya namna hiyo anapaswa kumwaga oili yote, kupima kwa lita kiasi ambacho kitabu cha injini kinataka, kuimimina boti ikiwa imeelea, kisha kupiga alama mpya kwenye kijiti. Aipeleke baharini siku yenye mawimbi ya wastani, atazame mshale boti inapoinua omo na inapoizamisha. Ukitetemeka, oili bado haitoshi au sampu si ya chombo hicho.

Na kwa wanaokagua vyombo kabla ya kuvipa leseni: tunahesabu majaketi ya kuokolea, na tunafanya vizuri. Tudai pia geji ya oili yenye namba, siyo taa peke yake, na daftari ambamo presha na joto la oili vimeandikwa kila safari. Geji ya bomba ni kipuri cha bei ndogo kuliko dumu moja la oili, na daftari ni la bei ndogo kuliko geji.